Makasi ya Mama Blandine

Je, wewe ungeweka kifua chako ndani ya jaketi ya kuzuia risasi iliyotoka katika chumba ambacho mwenyewe hataki ukione?

Hapa Bwera madereva wanaiweka. Jaketi hiyo wanaiita jile, kama Wakongo wanavyoiita, na wanaificha chini ya kiti mpaka wavuke daraja la Mpondwe kutoka Uganda kuingia Kongo. Wakishafika ng'ambo, kabla ya kushika barabara ya Beni, ambako waasi huvizia malori, wanaivaa ndani ya shati. Simenti wanayobeba ina bima. Lori lina bima. Hata turubai linalofunika simenti lina mtu wa kuliulizia likichanika. Dereva hana lolote, kwa hiyo anakwenda kwa Mama Blandine.

Mama Blandine alivuka kutoka Butembo miaka mingi iliyopita, cherehani kichwani, akapanga chumba nyuma ya soko. Alianza na sare za shule na magauni ya kitenge. Kisha, katika marobota ya mitumba, zikaanza kutokea jile za polisi wa nchi za mbali, zilizokwisha muda wake huko. Wachuuzi wengine walizitupa pembeni kwa sababu nani atavaa kitu kizito hivyo kwenye joto? Yeye akazichukua. Akawa anazipunguza kwa dereva mwembamba na kuziongeza kwa mnene, anatoa maandishi ya polisi na kushonea kitambaa cheusi. Jina lake likajulikana mpaka Kasese.

Lakini alikuwa na tabia moja iliyowakera majirani. Mlango wake ulikuwa umefungwa mchana kutwa.

"Fundi wa nguo anafunga mlango jua likiwaka?" aliniuliza Hamidah, anayepika chapati mkabala naye. "Anashona nini humo, dhambi?"

"Labda anaogopa wezi."

"Wezi gani? Mimi naacha unga wangu nje. Yule anauzia watu wa msituni, nakwambia. Wewe umesoma, fikiri."

Nilifikiri. Siamini umbea, lakini siamini pia mlango uliofungwa. Nchi yetu imeharibiwa na watu wanaofanya mambo yetu katika vyumba vyao, kisha wanatuletea kilichokwisha tayari na kutuambia tushukuru. Kwa hiyo siku kaka yangu Bright aliporudi nyumbani na jile yake, sikushukuru.

Bright ni dereva wa lori. Kwa muda mrefu alikuwa amekataa kwenda Beni bila msafara wa askari, na bosi wake alikuwa amenuna. Siku hiyo aliingia akitabasamu, akijipiga ngumi kifuani.

"Injinia, tazama! Sasa waje."

"Waje nani?"

"Wenye bunduki. Wapige mpaka mikono iwaume. Nimeshamwambia bosi, kesho asubuhi naondoka."

Hapo ndipo niliposhtuka. Ile jile haikuwa imempa ulinzi tu, ilikuwa imempa safari ambayo bila hiyo asingeikubali. Kama ilikuwa ya uongo, ingemuua kwa kumpa moyo.

Nilifungua zipu ya kifuko chake. Chuoni nilisomea uhandisi, na mwalimu wetu aliwahi kutuonyesha kipande cha kitambaa hiki. Kinafumwa kwa nyuzi ngumu ajabu na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Risasi ya bastola ikikipiga, nyuzi zinaipokea kama wavu wa goli unavyopokea mpira: zinavutika pamoja na kuusambaza ule mshindo mpaka nguvu zinaisha. Risasi ya bunduki kubwa inahitaji kibao kigumu mbele yake, na jile ya Bright haikuwa na kibao. Hilo peke yake lilitosha kunitia hofu. Lakini lilikuwepo jambo jingine. Kitambaa kile cha chuoni kilikuwa cha manjano kama ndizi mbivu. Hiki kilikuwa kimepauka, rangi ya uji, na kilinukia hospitali.

"Manjano imekwenda wapi?" niliuliza.

"Manjano ya nini?"

"Kaka, umeuziwa shuka. Yule mama amechomoa kitambaa chenyewe akakiuza kwingine, akakujazia mashuka."

"Una wivu wewe," alisema akicheka. "Tangu umalize chuo hujashika hata spana, umebaki kushika makosa ya watu."

Nilichukua jile nikaenda nayo. Nilikuwa nimejaa hasira, na kusema kweli nilitamani kumkamata mtu.

Nilibisha. Maji yakamwagika ndani.

"Ni nani?"

"Mdogo wake Bright."

Mlango ulifunguka kidogo tu. Nikausukuma kwa bega, nikaingia.

"Ee, kijana! Unatafuta nini mu nyumba ya mutu?" alifoka Mama Blandine. Alikuwa mfupi, mikono imebabuka mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake, kamba zilipita kutoka ukuta hadi ukuta, na vitambaa vya ndani vya jile vilining'inia vikidondosha maji kwenye beseni. Harufu ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ilinichoma pua.

"Mama, kitambaa cha manjano kiko wapi?"

"Iko mbele ya macho yako."

"Hiki si cha manjano."

"Sasa ungependa nikiache vile? Ile manjano ni jasho!" Alishika kiuno. "Jasho ya polisi ya Ulaya. Pengine alikufa ndani yake, nani anajua? Kwetu nguo ya marehemu haivaliwi kabla haijafuliwa. Nitavalisha mutoto ya mama mwingine jasho ya maiti? Naloweka na javeli, naloweka tena, mpaka inatoka."

"Na mlango?"

"Nikianika inje, afande atauliza. Wewe ungeanika?"

Nilishusha macho kwenye beseni. Naye alidhani ameshinda, akataka kushinda zaidi. Alivuta robota, akatoa jile ambayo bado haijafuliwa. Ndani ilikuwa ya manjano kabisa. Alitia makasi kwenye tabaka moja, akabana kwa mikono miwili. Makasi yaliteleza na kutafuna, uzi mmoja ukajitokeza kama unywele, basi.

"Unaona kiburi yake? Iliniulia makasi ngapi!" Kisha alishusha kitambaa kilichopauka kutoka kwenye kamba na kukikata. Makasi yalipita kama kwenye jani la kabichi. "Na hii je? Kitenge mupya pia unaloweka kwanza, wanga inatoka, inakubali fundi. Nimemufuga huyu."

Alikuwa anajivuna.

"Mama," nilisema, "kile kilichokataa makasi yako ndicho kingekataa risasi. Manjano si jasho. Ndiyo rangi ya uzi wenyewe tangu kiwandani. Javeli imeula."

Nilitegemea alie, au aombe radhi. Badala yake macho yake yakawa membamba.

"Ni nani amekutuma? Hamidah?"

"Hakuna aliyenituma."

"Afande, basi. Ama unataka kazi hii wewe mwenyewe, unajiita injinia huna kazi. Toka! Toka mu nyumba yangu!"

Alinisukuma nje, na nikasikia komeo likigonga. Hamidah, kijiko mkononi, alikuwa amesimama akinitazama.

"Umeona maiti humo?"

"Bado," nilimjibu.

Bright hakunisikiliza. Aliniambia nimemtisha mama wa watu bure, kwamba jile ni safi kuliko shuka za hoteli, na kwamba neno lake kwa bosi halirudi nyuma. Alininyang'anya jile, akaivaa mezani akala nayo. Jua lilipozama nilirudi sokoni kujaribu tena, nikakuta kufuli kubwa nje ya mlango wa Mama Blandine. Hamidah alisema ameondoka na mfuko mzito, kuelekea mpakani. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilijua amevuka, amejificha kwa ndugu zake Kasindi, na madereva wamebaki na mashuka yao. Nililala nikimlaani.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata Bright mpaka foleni ya malori, karibu na kizuizi cha Mpondwe, nikiwa nimeamua kusimama mbele ya gurudumu kama italazimu. Sikufika mbele. Watu walikuwa wameziba njia.

Katikati yao alikuwa Mama Blandine, amekaa chini barabarani, mfuko kando yake, makasi mkononi.

"Nimezunguka kwa fundi wenzangu usiku, nimewauliza kama javeli inaua hii kitambaa," alisema kwa sauti iliyokauka. "Hakuna mwenye kujua. Basi mutazame wenyewe." Alitia makasi kwenye kitambaa cha manjano, yakateleza; akatia kwenye kilichopauka, yakapita.

"Anataka tumrudishie hizi atuuzie nyingine kwa bei mpya!" dereva mmoja alipiga kelele, wenzake wakacheka.

"Hiyo umetengeneza ya uongo, ya kutuonyesha," Bright alisema kutoka juu ya lori. "Kata yangu basi!"

Alivua shati, akaichomoa jile, mbele ya kizuizi, mbele ya kila mtu, akaitupa. Mama Blandine aliipokea, akafungua zipu, akatia makasi kwenye tabaka zote kwa pamoja. Zilikatika kutoka kifuani mpaka kiunoni. Hakuna aliyecheka.

"Walio ng'ambo muwapigie simu," alisema. "Muwaambie bageuze gari, barudi."

Mikono ilianza kuingia chini ya viti. Jile moja ilianguka miguuni pake, kisha nyingine.

"Wewe mama!" Afande alikuwa amefika, bunduki begani. "Vitu hivi umetoa wapi? Simama! Haraka!"

Hakusimama. Aliendelea kukata, safari hii polepole, kama fundi anayefuata chaki. Afande alipoinama kumshika mkono, injini ya lori la Bright ilizimwa, na kaka yangu akaruka chini, amebaki na singlendi tu, akasimama kati yao.