Ombi la Bi Kufuli kwa Bi Kufuli

Mkuu wa masjala yetu tulimwita Bi Kufuli, naye alijua na wala hakukasirika. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akipokea barua, akizigonga muhuri na kuzifungia. Hata sukari yake ya chai aliifungia kwenye kabati la mafaili ya siri. Siku niliyomwomba kijiko kimoja, mimi fundi wa kompyuta wa ofisi, alinitaka kwanza nitie saini kwenye daftari.

Asubuhi moja barua pepe ziligoma kuingia. Makao makuu yalikuwa yametangaza kwamba kuanzia siku hiyo barua zitachukuliwa kwa njia iliyosimbwa tu, asije mtu akazisoma njiani. Kazi yenyewe ni ya dakika tano: unafungua mipangilio ya programu ya barua, unabadili namba ya mlango wa seva, unaweka alama kwenye kisanduku cha usimbaji, unaingiza nywila upya, basi.

Tatizo lilikuwa Upepo, tarishi wetu, aliyesimama mlangoni akitafuna kucha. Miaka sita alikuwa akiomba uhamisho ahamie mji anakofundisha mkewe. Sasa rafiki yake wa makao makuu alikuwa amempigia simu: jibu limetumwa masjala, na lisipothibitishwa kwa barua pepe hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana, nafasi anapewa mwingine. Ilikuwa saa tano na robo.

"Dada, nakuomba," alimwambia Bi Kufuli.

"Tulia. Barua ikiwa kwangu haipotei."

"Lakini haijafika kwako, dada!"

Nikabadili namba, nikaweka alama. Programu ikaandika kwamba inakagua cheti cha seva. Bi Kufuli akasogeza kiti.

"Inaidai seva cheti?"

"Ndiyo, mama. Jina lisipolingana, inakuonya kabla ya kupokea chochote."

"Kumbe ina akili!" Kwa mara ya kwanza nilimwona akiitazama kompyuta kwa upendo.

Kisha programu ikaomba nywila, naye hakuikumbuka. Alikuwa ameibadili mwezi uliopita, akaiandika kwenye karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa lakiri na kuiweka kwenye kabati la siri. Kabati hilo lilikuwa na utaratibu alioutunga mwenyewe: haitoki karatasi yoyote bila ombi la maandishi lililoingia kwanza kwenye barua pepe ya masjala. Yaani ile ile iliyogoma.

"Mama, ufunguo umeuvaa shingoni," nilisema. "Bahasha yako, nywila yako!"

"Ndiyo maana siwezi kujipendelea, mwanangu."

Nilitamani kupiga kelele. Upepo akakaa chini sakafuni, kichwa mikononi. Bi Kufuli alimtazama, akavuta karatasi. Akajiandikia ombi la kubadili utaratibu ili maombi ya mkono yakubaliwe. Akaligonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akavaa miwani, akalisoma, akajikatalia: halikuwa na tarehe. Akaandika jingine. Hilo alilikubali, akajijulisha kwa maandishi, kisha akaandika ombi la bahasha. Saa sita kasoro dakika nane, kabati likafunguka.

Nikaingiza nywila. Barua zikashuka kwa mkupuo, na ya Upepo ilikuwamo: uhamisho umekubaliwa. Bi Kufuli akathibitisha hapo hapo, kasoro dakika tatu. Upepo akaanza kuisoma kwa sauti tangu juu, neno kwa neno, akakwama kwenye mstari wa kwanza: "Kwa Mkuu wa Masjala. Rejea barua zako sita, moja kila mwaka, za kumwombea tarishi huyu."

Akageuka. "Dada, ni wewe? Mbona hukuniambia?"

"Zilikuwa za siri," alisema Bi Kufuli.

Nikaona haya kwa hasira zangu zote. Akatoa sukari kabatini, akamkorogea Upepo chai, vijiko vitatu vilivyojaa. Daftari hakuligusa.