Niliwaficha Wezi Ufunguo

Juzi nikiwa ofisini mjini, onyo liliingia kwa simu kutoka kikundi chetu cha akina mama wa kanisa: wezi wananasa mawimbi ya ufunguo wa gari, ufungeni kwa foili! Papo hapo nikaufunga wangu kwa foili ya chapati zangu za mchana, nikautia mkobani, nikajiona mjanja.

Jioni nikashika mlango wa gari, ule unaojifungua ukiguswa ufunguo ukiwa karibu. Kimya. Nikampigia fundi wa funguo karibu nilie. "Wameshaniibia mawimbi!"

Akaja mbio na kompyuta yake. "Leta huo ufunguo, madam."

Nikaufungua mbele yake, foili juu ya foili. Akagusa mlango, ukafunguka.

"Asante Yesu, sikuibiwa!"

"Mwizi nimempata," akasema akiupangusa ufunguo. "Ako na mafuta ya chapati kwa vidole."