Suruali za Baba

Baba alikuwa fundi cherehani pale Gisimenti. Mwanzoni mwa miaka ya tisini suruali zake zilianza kumpwaya, akawa anazipunguza mapajani kila mara, huku akilaani vitambaa vya siku hizi kwamba vinatanuka. Aliposhindwa kunyanyuka kitini bila kushikwa mkono, nilichoka na hadithi hiyo, nikamburuta hospitali. Tukapanga foleni ya ultrasaundi pamoja na wajawazito, yeye amenuna. Daktari, kijana mwenye mapaja manene, akampaka mafuta ya baridi pajani, akapitisha kifaa, akatuonyesha kwenye skrini: msuli umekonda kwa uzee.

Baba aliitazama picha kwa makini. Kisha akaishika suruali ya daktari, akaipapasa kifundi.

“Hata hii yako,” akamwambia, “subiri. Itatanuka.”