Habari Niliyompelekea Baba Mgodini

Mama alifariki bila risasi kumgusa. Malaria ilimshika wiki ambayo hakuna mtu aliyetoka nje kwa mapigano pale mtaani kwetu Buyenzi, na tulipopata njia ya kumfikisha hospitali tulikuwa tumechelewa. Siku moja kabla ya kufa alituambia mimi na dada yangu, "Baba yenu hatajua. Mutu aende amuambie."

Baba amelala katika kijiji cha kando ya ziwa, kusini mwa mji, tangu udongo wa mgodi ulipomfunika. Mimi nilikuwa sijaanza shule. Mama alimzuru kila mwaka mpaka vita vilipofunga barabara. Sikuwahi kwenda naye. Nilikuwa na kazi gereji, ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Dada alitaka habari hiyo ifike kabla ya arobaini. Barabara ilifunguliwa siku ya thelathini na nane. Nilipanda kamionete, pikapu ya wanawake wanaonunua samaki, iliyofuata nyuma ya gari la askari. Dereva alituonya mapema: saa nane anageuza, na asiyekuwepo atalala huko. Hakuna aliyetaka kulala huko. Milima iliyo juu ya kijiji ilikuwa na watu wenye bunduki.

Zamani Wabeleji, Wazungu waliotutawala, walichimba mawe kwenye milima hiyo, mawe madogo lakini mazito ajabu, wakayateremsha kwa malori mpaka ufukweni yaoshwe. Walipoondoka, vitu vyao vilibaki. Kwenye birika za sementi za kuoshea mawe, wanawake wanafua nguo. Kwenye sakafu ya ghala wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mawe yenyewe yanazuia milango isipigwe na upepo.

Mlinzi wa ghala alikuwa mzee aliyefanya kazi mgodini, na kofia yake ngumu ya kazi alikuwa bado anaivaa. Nilimsalimia kwa Kirundi kama msafiri yeyote. Kofia yangu ya kuswalia ilikuwa mfukoni. Miaka ile njiani mtu alijitambulisha kidogo awezavyo, na mimi sikutaka maswali.

"Muzee, natafuta kaburi ya baba yangu," nilimwambia.

Alicheka kidogo. "Na we pia?"

"Na mimi pia nini?"

"Wote wanasemaka kaburi. Yule wa mwisho, mbele barabara ifungwe, alikuja na koleo, alisema kaburi ya babu yake. Alichimba siku mbili pale karibu na tangi. Sema tu ukweli, unatafuta zebaki ama mawe?"

Nikaelewa. Watu wa mjini waliamini kwamba Wabeleji walifukia mali, zebaki hasa, kabla ya kuondoka, na kila aliyekuja kuitafuta alisingizia kaburi. Nilimwambia mimi si wa hao, mama yangu amefariki. "Pole," alisema, kama anavyosema muuzaji aliyekataa bei yako. Kisha akanitembeza. Akanionyesha kwa kidole tundu la mgodi lililobomoka kule mlimani. Akanionyesha mashimo ya waliotangulia. "Hapa walichimba, apana kitu. Hapa bado." Nilirudia neno langu mpaka nikachoka kulisikia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza ndagala alituita. "Muulize kaburi ya baba yake iko na kilo ngapi." Wenzake wakacheka.

Mwishowe nikapandisha sauti, na mzee akanipeleka kwenye makaburi ya kambi ya wafanyakazi. Yalikuwa mengi, vilima vya udongo katika mistari, misalaba michache ya mbao, hakuna jina lililosomeka. Nilipita kwenye mistari yote. Mama ndiye aliyejua. Nilimkasirikia yule mzee, nikamkasirikia mama kwa kutonielekeza, halafu hapakubaki mtu mwingine wa kumkasirikia ila mimi.

Adhuhuri ilikuwa imeingia kitambo, na saa nane ilikaribia. Nilishuka ziwani nikatawadha, nikavaa kofia, nikaswali pembeni mwa sakafu ya ndagala. Nilipotoa salamu, mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia yake ngumu mkononi.

"Kumbe we ni Muswahili," alisema. Kwetu Mswahili maana yake ni Mwislamu.

"Ndiyo, muzee."

"Si ungesema? Makaburi ya Waswahili iko kule nyuma ya birika. Ni tatu tu. Nimekutembeza asubuhi muzima ya bure."

"Nilisema kaburi."

"Kaburi kila mutu anasema."

Yalikuwa hatua mia mbili kutoka pale niliposhukia. Matatu, yamelazwa kuelekea kibla, si kama yale mengine. La tatu lilikuwa limechimbwa. Shimo lilifika magotini, na maji ya mvua yamesimama ndani. Nilimuuliza mzee lipi ni la baba. Hakujua, yeye alikuwa juu mlimani, hakuwa kwenye maziko. Mawili ya kwanza niliyasomea Fatiha, na kwa kila moja nikasema, "Baba, mama amefariki. Ni malaria. Hakupigwa risasi." Dereva akapiga honi. Nilipofika kwenye shimo akapiga tena, ndefu. Habari ya la tatu niliisema nikiwa tayari natembea.

"Nenda," mzee alisema. "Mi nitamalizia. Ni malaria, si ndiyo?"

"Ndiyo."

Nyumbani dada alikuwa anachagua mchele wa hitma ya arobaini. "Ulimuambia?"

"Makaburi ni matatu. Sijui lake ni lipi, na moja limechimbwa."

Alivuta sinia mapajani. "Ungesema ndiyo tu," alisema, akaendelea kutoa vijiwe.

Hitma tuliisoma. Barabara ilifungwa tena wiki hiyo hiyo, na ilipokuja kufunguliwa, mlinzi wa ghala alikuwa mtu mwingine. Sijui kama yule mzee alirudi kwenye lile la tatu.