Ukurasa wa Kichwa Chini

Harufu ya uji wa muhogo hunirudisha Busunzu, chumbani kwa bibi yangu. Kwa uji huo alibandika magazeti ya zamani ukutani, udongo usimdondokee kitandani. Hakujua kusoma, hivyo ukurasa wa sayansi aliubandika kichwa chini.

Jioni moja akaniambia, "Nisomee ule wenye picha ya duara."

Sikutaka kumwaibisha. Nikaupa ukuta mgongo, nikainama, nikachungulia katikati ya miguu yangu. Damu ikinishukia kichwani, nikasoma kwa sauti kwamba dunia inazunguka bila kupumzika.

Bibi alicheka mpaka machozi. "Sasa nimeamini, mjukuu wangu. Wewe imeshakupindua!"

Siku hizi habari za sayari nazisoma kwenye simu, lakini shingo bado inapinda yenyewe.