Yaliyofura Yalikuwa ya Wageni

Naomba mnifichie jina, ingawa mtu wa Mishomoroni akifika penye mahamri atanijua tu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Mume wangu anafanya kazi bandarini na Mungu ametujalia watoto wanne. Nimesoma hadi darasa la nne, lakini kifungua mimba wangu, nimwite Neema, ni mwalimu, tena wa hesabu, na mtaani kwetu hakuna binti anayemfikia kwa adabu. Sijisifu. Waulizeni majirani.

Kila Alhamisi sisi akina mama wa kanisa tunasali nyumba kwa nyumba. Ikifika zamu yangu, hakuna anayekosa. Sakafu yangu nyekundu inang'aa, viti vina vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na mahamri yangu yanafura kama mito, na mbaazi za tui pembeni. Hata Bi Rukia, jirani yangu Mwislamu aliyekulia kwenye mahamri, husema, "Wallahi wewe mkono wako una baraka." Kukiwa na harusi, matanga au mgeni wa mchungaji, ninaitwa mimi. Sijawahi kumwambia mtu siwezi, hata nikiwa na homa.

Kisha akahamia Magogoni, mtaa wa jirani, mwanamke mmoja, Mama Pendo, akajiunga nasi. Jamani, mwanamke huyu! Zamu yake ilipofika alitukalisha mkekani, akatupa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, vikombe havifanani. Nilimwonea huruma. Lakini wale akina mama, ambao kwangu wakishamaliza kula hufuta midomo na kuaga, kwa Mama Pendo walikaa mpaka jua likazama, wamenyoosha miguu, wanacheka na kulia na kuombeana. Nilirudi nyumbani nikiwaza njia nzima. Muhogo! Muhogo ndio unanishinda mimi?

Ningevumilia, lakini nikaja kusikia Neema naye akitoka shule hupitia huko. Nikamuuliza, "Unafuata nini kwa Mama Pendo?"

"Napumzika, mama."

"Unapumzika? Kwani hapa kwenu unabeba mawe?"

Akanitazama kwa upole. "Hapa nakaa kama mtu aliyekuja kuomba kazi."

Siku hiyo nilisugua masufuria mpaka mikono ikauma.

Zamu yangu ikarudi, na siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sijui ni baridi au hamira ilikuwa imekufa, unga ukakataa kuumuka. Nilikaanga hamri la kwanza, likalala. La pili, likalala. Beseni zima likalala kama soli za viatu. Nikamwambia Neema, "Kimbia ukawaambie nimeshikwa na malaria, wasije."

"Siendi kusema uongo, mama. Wakija nitawaambia mahamri yamelala."

Nikaingia nyuma ya jiko, nikapiga magoti. "Bwana, usiniaibishe, yafurishe haya yaliyobaki." Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nina mtoto asiyetaka kukaa nyumbani kwangu, nami namwomba Mungu aliyeumba bahari anishughulikie unga! Nikalia hapo hapo, nikasema, "Basi, Baba. Wacha wanione hivi hivi." Mwili ukawa mwepesi kama nimetua mtungi.

Nikayapeleka mezani. Mama Pendo akala moja, akala la pili, akasema, "Heri leo! Kwa kawaida nikifika hapa naogopa hata kupiga chafya." Wakacheka mpaka machozi. Na Neema, katika kicheko hicho, akasema, "Mimi haya nimeyazoea. Kwetu yaliyolala ni ya watoto, yaliyofura ni ya wageni."

Wote wakacheka tena. Mimi sikucheka. Ni kweli. Nimewalea watoto wangu kwa yaliyolala.

Tangu siku hiyo Yesu amenifanyia kazi, nasema bila haya. Mwenyekiti wa akina mama alikuja kuniita nipike harusi, nikamwambia siwezi, nimechoka. Nilidhani ataanguka. Akasema, "Haya, mama, pumzika," akaenda zake. Asubuhi hizi la kwanza linalofura namwekea mwanangu. Lakini wivu, ndugu zangu, wivu haujatoka. Nikisikia jina la Mama Pendo moyo bado unaniwaka.

Sasa Jumamosi hii wanakuja wakwe kuleta posa. Kwetu binti hukaa chumbani na mwanamke anayemwamini, na akiitwa, mwanamke huyo humshika mkono na kumtoa mbele ya wazee, aulizwe kama wageni anawajua. Neema amemchagua Mama Pendo. Nilihisi nimechomwa. Nikamwambia, "Mimi niliyekuzaa nitakuwa wapi?"

"Utakuwa jikoni, mama. Siku zote uko jikoni."

"Na nisipokuwa jikoni?"

Akanishika mkono kama mtoto mdogo. "Ukiweza, mama, mimi nakutaka wewe. Lakini utaweza?"

Nimemwendea Bi Rukia anipikie, lakini Jumamosi ana kisomo cha hitima kwao Mjambere. Akina mama wengine wamealikwa harusi ile ile niliyoikataa. Aliyebaki ni mmoja, na tayari ameniambia, "Dada yangu, kaa na mwanao, jiko niachie mimi." Ni Mama Pendo. Nimeyaona mahamri ya Mama Pendo. Hayajafura hata siku moja, na wakwe wanatoka familia yenye jina.

Nimeomba, nimefunga, na bado kila nikifumba macho naona sahani ile ya yaliyolala mbele ya wakwe, wanatazamana. Halafu naona mkono wa mwanangu.

Mlio na watoto, na mlio na imani kuliko mimi, niambieni kabla ya Jumamosi. Ufunguo wa jiko langu, nimpe?