Nemo Dat na Ndoo ya Nyanya

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana kwamba aliyechekwa siku ile, kwenye baraza la ardhi kule Ilula, ni mimi. Nilisema ni mwanafunzi mwingine wa sheria. Leo nakiri: ni mimi, mwaka wa pili chuoni, ndani ya suti ya kuazima.

Baba alikuwa amefariki, na baba mdogo akaliuza shamba la nyanya ambalo mama alilinunua kwa jasho lake mwenyewe. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Uyole. Tukilikosa, mama hana pa kulima. Basi nikasimama kumsemea. Nikaanza na locus standi, haki ya kusimama mbele ya baraza, nikapitia bona fide, nia njema, nikamaliza kwa sauti ya mahubiri: "Nemo dat quod non habet!" Sikueleza maana ya hata neno moja. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mzee mmoja wa baraza akauliza, "Binti, hiyo ni misa ya zamani?"

"Tuseme amina," akajibu mwenyekiti, "turudi wiki ijayo."

Watu wakacheka, na baba mdogo akacheka kuliko wote.

Nikakimbilia Mlandege, mjini Iringa, kwa wakili mzee aliyekuwa akinifundisha kazi wakati wa likizo. Nilitaka anihurumie.

"Yale uliyosema maana yake nini?"

"Hakuna awezaye kutoa asicho nacho."

"Sasa ulishindwaje kusema hivyo? Wale hawakuketi kukupa maksi. Kilatini ni koti la mvua, binti. Ukiingia ndani kwa watu, livue."

Wiki iliyofuata nilianza na kamwene, salamu ya kwetu, kwa kila mzee. Kisha nikauliza: "Pale barabarani basi likisimama, mtu akauza dirishani ndoo ya nyanya ya mwenzake, bila kutumwa, mwenyewe akaja mbio, mnafanyaje?"

"Ndoo inashuka!" akadakia yule mzee wa misa.

"Hata dereva akipiga honi?"

"Apige mpaka achoke! Abiria atamdai aliyemwuzia."

"Basi wazee wangu, na shamba la mama lishuke."

Wakacheka tena. Safari hii baba mdogo alitazama viatu vyake. Tukaambiwa tusubiri uamuzi.

Mwanangu, jifunze Kilatini, usikiogope. Audi alteram partem, sikiliza na upande wa pili. Res judicata, lililokwisha kuamuliwa lisifufuliwe. Ni hekima ya watu waliogombea mashamba kama sisi. Lakini neno usiloweza kumweleza mama yako, bado hujalielewa. Mungu akupe elimu, na akupe na ulimi wa kuigawa.

Na uamuzi? Nilikuwa nimesharudi chuoni Mbeya simu ilipoita. Nilisikia vigelegele kabla ya salamu.

"Shamba limeshuka, mwanangu! Limeshuka!" Mama alikuwa akihema. "Sasa nimeweka spika, baba yako mdogo yuko hapa mbele yangu. Hebu sema kile Kilatini chako."

"Mama, si ulisema kilikutia aibu?"

"Sema! Halafu mfafanulie polepole."